Fundi Asiyeweza Kuusoma Ukurasa Wake

Mwezi wa Aprili, mvua za masika zinapoushika Mlima Kilimanjaro hata kilele cha Kibo kisionekane kwa siku saba au nane mfululizo, ofisi za utalii za mji wa Moshi hupata faragha ambayo haziipati Januari wala Agosti. Wapagazi huwa wamerudi vihambani kwao Uru na Kibosho kushika majembe, wageni ni haba, na wenye kampuni, ambao tangu mwaka ulipoanza hawakupata wasaa hata wa kunywa chai kwa utulivu, hukumbuka kwamba tovuti zao bado zinatangaza bei za mwaka uliopita na kuonyesha picha za waongozaji waliokwisha kuhamia kwingine. Huo ndio msimu wa mafundi wa tovuti, nami nimeupitia kwa zaidi ya miaka ishirini, tangu siku ambazo kompyuta nne ziligawana laini moja ya simu katika chumba kimoja karibu na mnara wa saa, na ukurasa wenye picha tatu ulimpa mtu muda wa kwenda sokoni Mbuyuni na kurudi kabla haujafunguka wote.

Masika iliyopita, hata hivyo, aliyeniita hakuwa mwenye kampuni ya utalii. Kilikuwa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa, kilicho mlimani juu kidogo ya mahali lami inapokoma. Chama hicho kilikuwa na tovuti ya kupendeza, aliyokuwa ameijenga kijana mmoja miaka minne nyuma kwa programu ya kuburuta na kudondosha, yaani ile ambayo fundi wake haandiki msimbo wowote, ila hushika kisanduku cha picha kwa kipanya akakiweka hapa, akashika kisanduku cha maneno akakiweka pale, kama mtu apangaye viti sebuleni kwake. Wanunuzi wa ng'ambo waliiona, barua zikaja, wazee wa kamati wakajivuna. Kisha kijana akapata kazi mbali, kadi ya benki iliyokuwa ikilipa ada ya kila mwezi kwa kampuni ya nje ikaisha muda wake, na asubuhi moja tovuti nzima ikageuka kuwa karatasi nyeupe yenye sentensi moja ya Kiingereza.

Katibu meneja, mama mwenye taadhima na makini, alinipokea mlangoni. "Shikamoo, mwalimu," akasema. "Deni tumelipa na tovuti imerudi, lakini tunaogopa isije ikapotea tena. Tunaomba ututolee vitu vyetu tuviweke mahali petu wenyewe." Nikaitikia marahaba, nikamwambia, "Mama, hiyo ni kazi ya siku moja." Nilikosea sana. Programu ile ilikuwa na milango mingi ya kuingizia vitu, na haikuwa na hata mmoja wa kuvitolea. Maneno yalikuwa ya chama na picha zilikuwa za chama, lakini mpangilio uliovishika pamoja ulikuwa umefungwa ndani ya mashine za watu wengine. Na nilipofunua msimbo ulioko chini ya ule uzuri, niliikuta aya moja fupi ya historia ya chama imezongwa ndani ya matabaka kumi na saba ya visanduku, kila kisanduku kikiitwa kwa tarakimu na herufi zisizo na maana kwa mwanadamu yeyote. Jedwali la madaraja ya kahawa, AA na A na B na PB, pamoja na bei zake za mnada, lilikuwa limepigwa picha na kubandikwa, hata mnunuzi hakuweza kunakili tarakimu moja kutoka humo. Basi tuliketi siku tatu, yeye akisoma kwa sauti kutoka kwenye kioo, mimi nikichapa upya neno kwa neno, mvua ikipiga bati juu yetu.

Tangu siku hizo tatu nimekuwa na jambo moyoni ambalo wenzangu vijana hawatalipenda mara moja. Fundi anayeuza ukurasa asioweza kuusoma chini ya sura yake anauza kitu ambacho yeye mwenyewe hakimiliki na mnunuzi hatakimiliki pia. Kwa hiyo naona ni wajibu wa kila ajiitaye fundi wa tovuti katika mji huu kujua kuandika kwa mkono mpangilio wa ukurasa, tangu mstari wa kwanza hata wa mwisho, kabla hajaweka riziki yake mikononi mwa programu ya kuburuta. Sisemi kwamba programu hizo ni haramu. Zina mahali pake, nami nitapataja, kwa sababu insafu yanidai hivyo.

Kwa msomaji ambaye fani hii si yake, heri nieleze kwanza ukurasa wa mtandao ni kitu gani hasa. Ni maandishi matupu, ambayo yaweza kufunguliwa kwa programu ndogo kabisa ya kuandikia iliyomo katika kila kompyuta. Ndani ya maandishi hayo mna lugha mbili za msingi. Ya kwanza ni HTML, ambayo kazi yake ni kukitaja kila kitu kwa jina lake: hiki ni kichwa cha habari, hii ni aya, hili ni jedwali, hiki ni kiungo cha kumpeleka msomaji ukurasa mwingine. Ya pili ni CSS, ambayo hueleza sura na mahali: kichwa kiwe na rangi gani, jedwali likae upande upi, na kioo kikiwa chembamba kama cha simu vitu vijipange vipi. Kivinjari huzisoma lugha hizo mbili na kutuchorea kile tukionacho. Anayeandika kwa mkono huziandika mwenyewe. Anayeburuta huchora kwanza, kisha programu humwandikia kwa niaba yake, na aghalabu humwandikia maneno mengi kupita haja.

Najua hoja nzito itakayoletwa dhidi yangu, na afadhali niilete mwenyewe. Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyeubuni mtandao wa kurasa alipokuwa katika maabara ya CERN karibu na Geneva, aliandika mwaka 1990 programu ya kwanza ya kusomea kurasa, na programu hiyo hiyo ilikuwa pia ya kuziandikia. Mtu alichapa maneno yake, akauchagua mstari na kuutangaza kuwa kichwa, bila kuiona alama hata moja ya HTML. Mbuni huyo hakutazamia kwamba wanadamu wangekaa kitako na kuziandika alama zile kwa mikono yao, na walipofanya hivyo kwa wingi alistaajabu. Iwapo mwenye kuanzisha jambo alitaka alama zifichwe, kijana aweza kuniuliza kwa haki kabisa, mwalimu wewe unatoa wapi ubishi wako?

Nautoa papo hapo. Programu ya Berners-Lee ilimtaka mwandishi aseme kitu ni nini, na suala la kitu kikae wapi liliachiwa mashine ya msomaji. Ilificha alama, lakini haikuficha maana. Zile zilizokuja baadaye ziligeuza swali. Programu ya FrontPage, ambayo Microsoft iliinunua pamoja na kampuni iliyoitengeneza mwanzoni mwa mwaka 1996, na ya Dreamweaver iliyotolewa na Macromedia mwaka 1997, zilimkaribisha mtu aukabili ukurasa kama mchoraji aikabilivyo karatasi, asogeze vitu mpaka jicho liridhike; na jicho likiisha kuridhika, nani atauliza kama maneno yale makubwa yaliyokolezwa wino ni kichwa cha habari au ni maneno makubwa tu? Programu za leo zimekuwa nzuri mara mia kuliko hizo, zafanya kazi ndani ya kivinjari chenyewe, lakini swali lao la kwanza ni lile lile: waonaje, kisogee kushoto kidogo?

Nakiri pia kwamba sisi tulioandika kwa mkono zama hizo hatukuwa na cha kujivunia. HTML ilikuwa haina njia nzuri ya kupanga vitu upande kwa upande isipokuwa jedwali, ambalo liliumbwa kwa ajili ya tarakimu na takwimu. Nasi tukalifanya jedwali kuwa kuta za nyumba, tukaingiza jedwali ndani ya jedwali, tukaziba nafasi kwa vijipicha visivyoonekana vya ukubwa wa nukta moja. Håkon Wium Lie, Mnorwe aliyefanya kazi pamoja na Berners-Lee, alipendekeza CSS Oktoba 1994, na kanuni yake ya kwanza ikapitishwa Desemba 1996, lakini ikapita miaka mingi kabla vivinjari havijaafikiana namna ya kuifuata. Ukurasa uliosimama vema katika kivinjari kimoja ulianguka katika kingine. Nimekesha usiku mwingi nikitafuta kwa nini safu ya kulia ya ukurasa wa kampuni fulani ilishuka chini ya safu ya kushoto, na umeme ukikatika ndipo nikalala. Yeyote aliyekimbilia FrontPage wakati ule alikuwa na udhuru, na simlaumu.

Udhuru huo, lakini, umekwisha muda wake, na jambo hili ndilo ambalo watu wengi wa Moshi wanaofanya kazi hii hawajapewa habari zake. Mwaka 2017, kuanzia Machi, vivinjari vikubwa kimoja baada ya kingine vilianza kuielewa sehemu mpya ya CSS iitwayo Grid, ambayo iliundwa mahsusi kwa ajili ya kupanga ukurasa. Tuseme kampuni ina njia nne za kupandia mlima inazotaka kuzionyesha, Marangu, Machame, Rongai na Lemosho, kila moja katika kisanduku chake, na yataka zikae nne kwa safu katika kioo kipana, mbili mbili katika kioo cha kadiri, na moja moja katika simu. Kazi hiyo zamani ilikula siku mbili na ikabaki na dosari. Leo ni mistari mitatu: wa kwanza watangaza kwamba eneo hilo ni gridi, wa pili waamuru safu ziwe nyingi kadiri zitakavyoenea, lakini hakuna safu itakayokuwa nyembamba kuliko kipimo fulani, wa tatu wataja nafasi kati ya visanduku. Niliwaonyesha vijana wawili wa Majengo jambo hili mchana mmoja, vijana ambao walikuwa wamejenga tovuti sita kwa kuburuta na hawajaandika hata mstari mmoja wa CSS. Mmoja wao alichukua simu yake, akaiinamisha kwa upana, akaviona visanduku vikihama vyenyewe na kujipanga upya, akairudisha wima, akainamisha tena. Alifanya hivyo mara tano bila kusema neno. Nilipomtazama usoni nilijua kwamba huyu sasa ameonja.

Na sasa nirudi kwenye maana, kwa kuwa hapo ndipo uchungu wangu ulipo. Katika manispaa yetu ipo Shule ya Msingi Mwereni, ambayo kwa miaka mingi imewapokea watoto wasioona wakasoma pamoja na wenzao wanaoona. Watoto hao hukua, wakawa watu wazima wenye simu na kompyuta, na mtu asiyeona huzisoma kurasa za mtandao kwa msaada wa programu inayomsomea kwa sauti. Programu hiyo haioni ukubwa wa herufi wala rangi, husikiliza HTML. Ikiambiwa hiki ni kichwa, humwezesha msomaji kuruka kutoka kichwa hadi kichwa, kama wewe unavyorusha macho juu ya gazeti hili kutafuta habari uitakayo. Isipoambiwa, humsomea kila kitu tangu juu hata chini, menyu na matangazo na maneno ya kitufe cha kununua, mpaka achoke aache. Jedwali la kahawa lililobandikwa kama picha, kwake ni ukimya.

Tena kuna herufi mbili ambazo nataka kila fundi wa Afrika Mashariki azijue kama ajuavyo jina la mama yake. Katika alama inayoufungua ukurasa, HTML hushauri itajwe lugha iliyotumika, na Kiswahili kinayo alama yake inayotambuliwa ulimwenguni kote, nayo ni s na w. Violezo vingi vya kuburuta vimetengenezwa na watu wa lugha nyingine, na fundi asiyefunua chini huviacha vilivyo, vikitangaza kwamba ukurasa ni wa Kiingereza. Matokeo yake nimeyasikia kwa masikio yangu: tangazo la mkutano mkuu wa wanachama, lililoandikwa kwa Kiswahili safi, likisomwa na mashine kwa matamshi ya Kiingereza, irabu zetu zikivurugwa moja moja, hata neno "wakulima" lisitambulikane. Zipo programu za kusoma kwa sauti zinazokijua Kiswahili, mojawapo ni ile ya bure iitwayo eSpeak. Zilichokosa ni kuambiwa tu. Watu wamehangaika tangu kamati ya lugha ya mwaka 1930, wakaja BAKITA mwaka 1967, lugha hii ipate kuandikwa kwa kanuni moja na kuheshimiwa, halafu sisi tunautangaza ukurasa wake kuwa wa lugha nyingine kwa sababu ya herufi mbili ambazo hatukuzitazama. Jambo hili linaniuma.

Juu ya uzito wa kurasa sitasema mengi, maana kila anayenunua bando anaujua. Ukurasa wa kawaida wa tovuti duniani leo umepita megabaiti 2, na ule wa chama cha kahawa ulikuwa na megabaiti 6, ambazo sehemu kubwa yake haikuwa kahawa wala wakulima, ilikuwa vifaa vya ile programu vilivyobebwa kila mara hata visipotumika. Tangu nyaya za baharini zilipofika Dar es Salaam mwaka 2009 tumezoea kudhani kwamba uzito si neno tena, na Agosti 2022 Shirika la Mawasiliano lilifikisha intaneti ya kasi hata kambi ya Horombo mlimani, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, jambo ambalo baba yangu angelihesabu kuwa miujiza. Lakini anayelipia megabaiti zile mara nyingi ni mkulima mwenye bando la siku moja, ambaye alitaka kujua bei ya mnada tu.

Nimeahidi insafu, nami nitaitimiza. Nimewaona mafundi wa kuandika kwa mkono wenye kibri, ambao humjengea mtu tovuti kwa namna ambayo mwenyewe hawezi kubadili hata namba ya simu bila kuwaita na kuwalipa, na hujiona mabingwa kwa sababu hiyo. Huo ni ufungwa ule ule, ila mlinzi wa gereza yuko jirani badala ya kuwa ng'ambo. Dada mmoja ninayemfahamu, mwenye ofisi ndogo ya safari, kila kundi linaposhuka kutoka mlimani humtaka mwongozaji picha zao, akaziweka katika tovuti jioni ile ile pamoja na maneno mawili matatu ya shukrani. Programu ya kuburuta ilimpa uwezo huo bila kumtegemea mtu, na ningekuwa dhalimu kumwambia aache akajifunze CSS kwanza. Yeye si fundi. Yeye ni mwenye duka anayepanga bidhaa zake rafuni, na rafu lazima iwe nyepesi kupangika.

Sina ugomvi hata na violezo. Pale soko la Memorial watu hununua mashati ya mtumba mazuri, wakayapeleka kwa fundi cherehani aliyeketi barazani, akayafumua mabega, akayapunguza kiuno, akayarudisha yakiwa yamemkaa mwenyewe kama yalikatwa kwa ajili yake. Hakuna aibu katika hilo. Ila hebu tazama ni nani afanyaye kazi: ni mtu ajuaye kushona shati kutoka kitambaa kitupu, ndiyo maana anajua mshono upi ufumuliwe na upi usiguswe. Kiolezo kikiingia mkononi mwa fundi wa namna hiyo, ni neema. Kikiingia mkononi mwa asiyejua mshono, hubaki na mabega ya mtu wa Ulaya aliyelivaa kwanza.

Kwa hiyo lililo sawa, kwa maoni yangu, ni kugawa kazi mahali panapostahili. Mifupa ya ukurasa, yaani majina ya sehemu zake na mpangilio wake, iandikwe kwa mkono na fundi anayeweza kuulizwa. Kisha mwenye tovuti aachiwe nafasi za kujaza maneno na picha kwa njia rahisi ya kuona, ambapo hata akosee vipi hawezi kuvunja mfupa. Vyuo vyetu vina uwezo wa kutoa mafundi hao. Ipo VETA, kipo Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, ambacho kilianza kama Chuo cha Ushirika mwaka 1963 na kupata hadhi ya chuo kikuu mwaka 2014, na ambacho kwa jina lake chenyewe kingefaa kuliko vyote kufundisha kwamba mali ya wanachama haiwekwi mahali wanachama wasipoweza kuichukua. Wakulima wa mlima huu walijiunga katika chama chao cha kwanza mwaka 1925, wakaingia chama cha ushirika cha KNCU mwaka 1933, kwa sababu walitaka sauti katika uuzaji wa kahawa yao. Tovuti ya chama cha msingi leo ni sehemu ya uuzaji huo. Ningependa kuona muhula wa kwanza wa kila kozi ya tovuti ukifundishwa kwa programu tupu ya kuandikia, bila kuburuta kitu chochote, mwanafunzi akipewa kazi ya kweli ya watu wa kweli: ratiba ya kwaya ya Kibosho, orodha ya bei za duka la pembejeo la Himo, taarifa ya kamati ya maji ya mfongo fulani, yaani mfereji wa umwagiliaji.

Wako watakaosema kwamba mjadala huu umepitwa, kwa kuwa siku hizi akili mnemba huandika HTML na CSS kwa kuamrishwa tu. Nimeijaribu, huandika upesi, na mara nyingi huandika vema. Lakini mara mbili imeniandikia kichwa ambacho si kichwa, na mara moja ikaniandikia kwamba ukurasa wangu wa Kiswahili ni wa Kiingereza, nikaona, nikasahihisha. Kijana asiyejua kusoma alichoandikiwa angeona nini?

Nimalizie habari ya chama cha kahawa, maana wasomaji wenye huruma watataka kujua. Siku ya nne niliandika ukurasa upya, kwa mkono. Faili zilikuwa tatu, ukiacha picha. Zote kwa jumla hazikufika hata sehemu ya hamsini ya uzito wa zamani. Na kwa kuwa sehemu za ukurasa mwandishi huzipa majina atakayo, sikuona sababu ya kuzipa majina ya kigeni: sehemu ya historia nikaiita "historia", orodha ya viongozi "kamati", na lile jedwali la madaraja, ambalo sasa lilikuwa jedwali la kweli, nikaliita "mnada". Nikamwonyesha katibu meneja faili lenyewe, msimbo wazi, si sura yake. Alivaa miwani, akaushusha ukurasa polepole kwa kidole, akapita juu ya alama asizozijua kama mtu apitaye juu ya mawe mtoni, mpaka akasimama.

"Mwalimu, hapa pameandikwa mnada. Ndilo jedwali lile?"

"Ndilo, mama."

"Na hii 'PB' chini yake, tarakimu inayofuata ndiyo bei?"

Nikamwambia ndiyo. Akaifuta tarakimu ya juma lililopita, akaandika ya juma hilo, akaniuliza aguse wapi ili ihifadhiwe. Tulipoufungua ukurasa katika simu yake, bei mpya ilikuwa imekaa mahali pake. Faili zile tatu pamoja na picha tulizinakili katika flashi, naye akaifunga kwa kipande cha uzi, akaiweka ndani ya droo pamoja na vitabu vya mizani, akaligeuza kufuli, akautia ufunguo mfukoni.